Gari Haliwaki: Kuutafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Spea

Mwenye gari anapompigia fundi simu alfajiri, mara nyingi husema neno moja tu: "Haliwaki." Neno hilo hubeba magonjwa yasiyopungua manne ambayo hayana undugu wowote. Lipo gari ambalo ukizungusha ufunguo hukaa kimya kabisa. Lipo linalotoa mlio mmoja wa "ta" au milio mingi ya haraka kisha likanyamaza. Lipo ambalo stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, inazunguka vizuri lakini injini haishiki moto. Na lipo linalowaka kwa sekunde mbili au tatu kisha likazima. Fundi aliyesikia "haliwaki" peke yake huja na betri mkononi, na kwa kuwa betri ndiyo mkosaji wa mara kwa mara, hubahatisha na kupata. Siku asipopata, mwenye gari hununua betri, halafu stata, halafu pampu ya mafuta, na gari bado limesimama uani.

Maelezo haya yanahusu zaidi magari madogo ya petroli yaliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu, yaani akina IST, Vitz, Probox, Corolla na Premio, ingawa utaratibu wa kutafuta ni ule ule kwa magari mengi. Kabla ya kufungua boneti, hakikisha gia iko kwenye P na kwamba tangi lina mafuta. Mshale wa mafuta ukiwa na tabia ya kukwama, usiuamini. Na gari lililoegeshwa kwenye mteremko likiwa na lita mbili tatu linaweza kushindwa kuvuta mafuta hata kama jana yake lilifika nyumbani bila shida.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Washa taa kubwa za mbele, zielekeze ukutani au mwombe mtu azitazame, kisha piga stata. Taa zikififia hadi kukaribia kuzima, umeme hautoshi, na tatizo liko kwenye betri au kwenye viungo vyake. Taa zikibaki na mwanga wake ule ule na kukawa kimya, stata haikuombwa kazi kabisa, kwa hiyo betri haina kosa na kuibadilisha ni kutupa fedha. Zikipungua mwanga kidogo huku kukisikika "ta" moja nzito, umeme umefika kwenye stata na stata imeshindwa. Kipimo hiki cha sekunde tano hugawa tatizo la stata isiyozunguka katika mafungu matatu, na bado sijaona kipimo cha bure kinachokizidi.

Tuanze na taa zinazokufa. Milio ya haraka ya "ta-ta-ta-ta" ni sauti ya solenoidi ya stata, yaani swichi ya sumaku-umeme inayopeleka umeme kwenye mota, ikivuta na kuachia: inavuta kwa sababu umeme mdogo upo, na mara tu mota inapotaka umeme mwingi, nguvu ya betri huanguka, solenoidi huachia, umeme hupanda tena, na mchezo hurudiwa. Kwa mita ya umeme, betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma takribani 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji, na ikiwa chini ya 12 imekwisha. Hata hivyo, namba ya betri iliyopumzika inaweza kudanganya, kwa sababu betri iliyochakaa ndani huonyesha 12.5 vizuri tu na kuanguka hadi 7 au 8 inapobebeshwa mzigo. Kwa hiyo acha mita ikiwa imeshikizwa huku mwenzako akipiga stata. Betri nzima haipaswi kushuka chini ya kama volti 9.6. Gari likishawaka, pima tena pale pale: usomaji wa kati ya 13.5 na 14.7 unaonyesha kwamba alteneta, yaani mashine inayozalisha umeme injini ikiwaka, inachaji, na usomaji unaobaki kwenye 12 unasema kwamba hata betri mpya itakufa baada ya siku chache.

Wapo mafundi wanaopima alteneta kwa kuchomoa waya wa betri wakati injini inanguruma, wakitazama kama itazima. Mzuie anayetaka kufanya hivyo kwenye gari lako. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye alteneta, na ikiondolewa ghafla umeme hupanda kwa kishindo na unaweza kuunguza kompyuta ya gari, ambayo bei yake haifanani na ya mita ya mkononi.

Kabla ya kuihukumu betri, tazama vichwa vyake. Kwa sisi tunaoishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, joto hufupisha maisha ya betri na hewa ya chumvi huvila vyuma taratibu. Ungaunga mweupe wenye ukijani unaojikusanya pale ni kutu ya asidi. Vaa glavu, chukua spana namba 10, fungua upande wa hasi kwanza, kisha chanya, na umwagie kidogo maji ya moto yaliyochanganywa na magadi ya kupikia. Utaona yakitoa povu na kuchemka hadi unga uishe. Suuza, kausha, sugua kwa msasa ndani ya kishikizo na juu ya kichwa cha betri hadi risasi ing'ae, kisha rudisha, safari hii chanya kwanza. Kishikizo kilichofungwa sawasawa hakizunguki hata ukikisokota kwa nguvu ya mkono, na kikizunguka umepata ugonjwa bila kununua kitu.

Ukilazimika kuazima umeme kwenye gari la jirani, utaratibu una maana yake. Waya mwekundu hushikizwa kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima; waya mweusi hushikizwa kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake wa pili kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yenyewe. Sababu ni kwamba kiungo cha mwisho ndicho kinachotoa cheche, na betri hutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Kusukuma, kwa upande mwingine, ni kwa magari yenye klachi. Gari la otomatiki mtalisukuma hadi mlowe jasho bila injini kuzunguka hata mara moja.

Hapa naomba kusimama kidogo kwenye waya wa athi, yaani ule unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini, kwa kuwa ndio ulionifundisha kazi hii. Gari langu, IST ya mwaka 2004, lilianza kugoma asubuhi: stata ilizunguka kwa uzito mara mbili, kisha taa zikazima. Gereji ya kwanza niliuziwa betri. Baada ya wiki mbili ugonjwa ulirudi, nikauziwa stata ya mtumba, na gari likawaka siku tisa. Mzee mmoja, fundi umeme, alikuja na waya wa kuazimia umeme, akashika hasi ya betri kwa upande mmoja na chuma cha injini kwa upande wa pili, akaniambia, "Piga." Injini iliruka kwa mpigo mmoja. Waya wa athi uliotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini ulikuwa mzima kwa nje, lakini chini ya ganda, karibu na boliti, nyuzi zake zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Betri mpya na stata vilisaidia kwa siku chache kwa sababu kazi ya kuvifunga ilitikisa ule waya na kuurudishia mguso kidogo, ndiyo maana kila fundi aliondoka akiamini kwamba amemponya mgonjwa. Kwa mwenye mita, kipimo cha athi ni rahisi: shika hasi ya betri na chuma cha injini, piga stata, na usomaji ukizidi nusu volti, umeme unapotea njiani. Tangu siku ile sikubali stata ifunguliwe kabla ya kipimo hicho.

Sasa fungu la "ta" moja nzito. Umeme umefika, solenoidi imevuta, lakini mota haizunguki. Katika stata nyingi za Toyota sababu ya kawaida ni vipande vya shaba vilivyo ndani ya solenoidi, ambavyo huliwa na cheche mwaka baada ya mwaka hadi kimoja kikose kugusana na mwenzake. Dalili yake inajulikana: unapiga mara ya kwanza "ta", ya pili "ta", ya tano au ya kumi stata inazunguka kwa nguvu zote kama haijawahi kuumwa, na siku zinavyokwenda idadi ya majaribio inaongezeka. Vipande hivyo hubadilishwa peke yake kwa gharama ndogo kuliko stata nzima, lakini ni lazima umuulize fundi, kwa kuwa asipoulizwa atakuletea stata nyingine ya mtumba yenye shaba zilizoliwa vile vile. Ikiwa kuigonga stata taratibu kwa mpini wa nyundo huku mwenzako akipiga huifanya izunguke, brashi za kaboni zimekwisha. Hiyo ni njia ya kukufikisha gereji, isiwe mazoea ya kila asubuhi.

Kimya kitupu huku taa zikiwaka vizuri ni tatizo la njia ya amri. Ufunguo hutuma umeme mdogo kupitia swichi yake, fyuzi, rilei ya stata (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) na swichi inayotambua kwamba gia iko P au N, ndipo ufike kwenye solenoidi. Anza kwa kuhamisha gia kwenda N huku umekanyaga breki, kisha piga. Likiwaka, swichi ya gia au marekebisho ya waya wake yanahitaji kuangaliwa. Ikiwa gari ni la klachi, ipo swichi kwenye pedali ya magari mengi, na zulia lililokunjamana chini ya pedali linatosha kuizuia. Rilei hupimwa kwa kuibadilisha na nyingine ya namba ile ile kutoka kwenye boksi hilo hilo la fyuzi, kwa mfano ya honi, baada ya kuhakikisha kwamba miguu yake inafanana.

Lipo jambo ambalo vitabu vya mtengenezaji haviwezi kukuambia, kwa sababu halikuwapo gari lilipotoka kiwandani. Magari mengi ya hapa kwetu yamefungwa alamu, traka za mkopo (vifaa vya kufuatilia gari lililonunuliwa kwa mkopo) au swichi ya siri ya kuzuia wizi, na vyote hivyo hukata waya wa stata, wa pampu ya mafuta au wa swichi ya ufunguo na kuupitisha kwenye rilei ndogo iliyofungwa kwa gundi ya nailoni chini ya dashibodi. Rilei hiyo ikichoka au maungio yake yakilegea, gari litaonyesha ugonjwa wowote kati ya yale manne. Aliyenunua gari mkononi mwa mtu na aulize mapema kama lina kitu cha namna hiyo na kimefungwa wapi. Nimewahi kuona gari likivutwa kwa winchi kutoka Kibaha, na kosa lote lilikuwa swichi ya siri ambayo mtoto aliigusa kwa goti.

Vifaa hivyo hivyo ndivyo vinavyoua betri ya gari lililoegeshwa. Gari lililozimwa huruhusiwa kula umeme kidogo, kwa kawaida usiozidi miliampia 50, kwa ajili ya saa na kumbukumbu za kompyuta. Redio iliyofungwa vibaya inayokula nusu ampia itamaliza ampia-saa 12 kwa siku, na betri ya ampia-saa 45 haitamaliza siku nne. Ili kumkamata mwizi huyo, fungua hasi ya betri, unganisha mita ya ampia kati ya betri na waya wake, funga milango yote, subiri kama nusu saa kompyuta zilale, kisha chomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Ile itakayofanya namba ianguke ndiyo njia ya mwizi. Usipige stata mita ikiwa pale, la sivyo utainunua nyingine.

Ugonjwa wa tatu kati ya yale manne, yaani stata inazunguka lakini injini haiwaki, ni tajiri zaidi na ndio unaotajirisha gereji. Injini ya petroli inahitaji cheche, mafuta na mgandamizo, kila kimoja kwa wakati wake. Sikiliza kwanza mzunguko wenyewe. Injini nzima huzunguka kwa mapigo yenye mdundo, "wu-wu-wu-wu". Injini inayozunguka kwa wepesi usio na mdundo, kama cherehani isiyo na kitambaa, huenda imekatika mkanda wa taimingi, yaani ule unaozifanya valvu zifunguke kwa kufuata mwendo wa pistoni. Hapo acha kupiga mara moja, kwa kuwa katika baadhi ya injini valvu hugongana na pistoni. Injini ya 1NZ iliyo kwenye IST na Probox nyingi hutumia cheni, kwa hiyo dhana hii haina nafasi kubwa kwake, lakini Corolla za zamani zenye 5A au 7A hutumia mkanda.

Mdundo ukiwa sawa, tazama mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi wakati unapiga. Katika magari mengi mshale huinuka kidogo. Usipotikisika kabisa, ishuku sensa ya kranki, ambayo ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Bila habari hiyo kompyuta haitoi cheche wala mafuta. Sensa hii ina tabia ya kufa ikipata joto na kufufuka ikipoa, ndiyo maana gari linalozima kwenye foleni saa nane mchana na kuwaka vizuri jioni fundi akifika humfanya mwenye gari aonekane mzushi. Kwa injini zenye koili nne (vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche), kila moja juu ya plagi yake inayotoa cheche, si rahisi zote zife siku moja. Kwa hiyo gari likikosa cheche kwenye silinda zote, tafuta kitu ambacho koili zote zinakitegemea, yaani fyuzi, sensa au umeme wa kompyuta, na uache kununua koili.

Kuhusu mafuta, ushauri unaorudiwa mno ni kwamba ufungue ufunguo na usikilize pampu ikinguruma sekunde mbili chini ya kiti cha nyuma. Kwa magari kadhaa ushauri huo ni sahihi, lakini katika Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 pampu haianzi hadi injini izunguke, na watu wamebadilisha pampu nzima kwa kosa la kuwa kimya wakati wa kuwa kimya. Mwache mtu apige stata, wewe weka sikio karibu na kiti cha nyuma. Usifungue bomba la mafuta karibu na injini ili "kuona kama yanakuja", kwa kuwa mafuta yale yana shinikizo na cheche haziko mbali. Ukichomoa plagi baada ya kupiga stata kwa muda ukaikuta imekauka, mafuta hayafiki. Ukiikuta imelowa, mafuta yanafika lakini hayaungui. Katika hali hii ya pili, magari mengi ya mfumo wa nozeli, yaani zinazonyunyiza mafuta kwa amri ya kompyuta, hukata mafuta ukikanyaga eksileta hadi chini huku ukipiga stata, na injini iliyofurika hupata nafasi ya kujikausha. Usipige zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Ipumzishe stata nusu dakika.

Mafuta yanaweza kufika na yasifae. Neno "kuchakachua" lilienea Tanzania kwa sababu ya petroli na dizeli zilizochanganywa na mafuta ya taa, hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza mwaka 2010 mpango wa kuweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe. Ikiwa gari limeanza kugoma muda mfupi baada ya kujaza, dondosha matone machache ya mafuta hayo juu ya karatasi nyeupe kivulini: petroli safi hukauka haraka, ilhali mafuta ya taa huacha doa la utandu linalokawia. Maji hujulikana kwa urahisi zaidi, kwani ukiyatia mafuta kwenye chupa ya kioo na kuyaacha yatulie, maji hukaa chini na mstari wa mpaka huonekana wazi.

Gari linalowaka na kuzima papo hapo huku taa yenye alama ya ufunguo ikimeta linakataa ufunguo wenyewe. Jaribu ufunguo wa akiba, na uondoe funguo nyingine zenye chipu kwenye shada. Likizima kwa kukosa silensa, yaani mzunguko wa injini eksileta ikiwa haijakanyagwa, baada ya betri kubadilishwa, uchafu kwenye mlango wa hewa ndio mshukiwa, kwa kuwa kompyuta imesahau jinsi ilivyokuwa ikiufidia. Angalia pia kama bomba la hewa baada ya filta limechomoka, jambo la kawaida gari linapotoka sevisi. Kwa upande wa dizeli, ambako hakuna cheche, angalia plagi za kupasha moto asubuhi za baridi, waya wa solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu, na hewa iliyoingia kwenye bomba, ambayo hutolewa kwa kubonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu.

Hali moja inapaswa kuvunja utaratibu wote huu. Gari likizima ndani ya maji ya mafuriko, usipige stata hata mara moja, wala usiruhusu anayepita akusaidie "kujaribu". Maji hayagandamiziki, yakiwa yameingia kwenye silinda kupitia filta ya hewa, pistoni inayopanda huyakuta kama jiwe, na mkono wa pistoni hupinda. Vutwa hadi pakavu, fungua filta ya hewa uone kama imelowa, na ikiwa imelowa, plagi zote zichomolewe na fyuzi ya pampu ya mafuta itolewe kabla ya injini kuzungushwa ili maji yarushwe nje kupitia matundu yake. Simama pembeni yanaporuka. Kisha chomoa kijiti cha oili: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imwagwe yote na kubadilishwa pamoja na filta yake kabla plagi hazijarudishwa.